Umeflashi simu kwa kompyuta ikagoma? Tafuta dalili yako hapa

Wanaokwama kuflashi simu kwa kompyuta (yaani kuiwekea upya mfumo wake) wanakwama sehemu zilezile, na mara nyingi simu yenyewe haihusiki kabisa. Ni waya, ni draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kuiona simu), au ni faili la mfumo la simu nyingine. Afu kinachoua simu kwa kawaida siyo ile flashi ya kwanza iliyofeli, ni ya pili na ya tatu, pale mtu keshapaniki anaanza kutiki kila kiboksi anachokiona kwenye programu akiomba Mungu kimoja kikubali. Kwa hiyo ukifuata mwongozo huu fanya hivi: soma erori imesema nini, badilisha kitu kimoja tu, jaribu tena. Ukibadilisha waya na faili na toleo la programu kwa mpigo, hata ikikubali hutajua kilichokuwa kinasumbua.

Nimeelezea zaidi Android kwa Windows maana ndo wengi walipo. iPhone ipo kule chini, kwa ufupi.

Kabla hujachomeka waya

Flashi nyingi zinafuta kila kitu. Kama simu bado inawaka toa picha na namba zako kwanza. Kama haiwaki na unachokitaka ni zile data kuliko simu yenyewe, ishia hapa hapa, usiflashi, tafuta fundi anayerudisha data. Android za miaka hii data zimefungwa kwa ufunguo unaokaa ndani ya simu, ukishafuta ule ufunguo umepotea na hamna programu ya kuurudisha, hao wanaokuambia ipo wanakuuzia maneno.

Chaji ifike angalau nusu. Laptopu iwe kwenye umeme na uizuie isilale. Kumbuka akaunti ya Google na nywila yake (utaona kwa nini). Faili liweke kwenye folda ya jina fupi lisilo na nafasi, mfano C:\rom, siyo Desktop ndani ya folda ndani ya folda, MiFlash (programu ya kuflashia Xiaomi) hasa inachukia nafasi kwenye jina.

La mwisho, na ndo linalowaangusha wengi: modeli kamili. "Galaxy A12" siyo modeli. SM-A125F inatumia chipu ya MediaTek, SM-A127F inatumia Exynos, zote kwenye boksi zimeandikwa Galaxy A12. Redmi Note 8 ni Snapdragon, Redmi Note 8 Pro ni MediaTek, hata programu ya kuflashia siyo moja. Angalia kwenye mipangilio, nyuma ya simu, kwenye boksi, au kwenye skrini ya Download Mode (modi ya kupokea flashi) kama ni Samsung, na vikigongana amini kile kilichoandikwa ndani ya simu, makava na maboksi hubadilishwa.

Dalili ya 1: Kompyuta haioni simu kabisa

Hii ndo malalamiko namba moja na watu wanakimbilia kudownload draiva kumi. Tulia, anza na vya bure.

Waya. Nyaya nyingi zinazokuja na chaja za bei rahisi zina njia ya umeme tu, za data hazimo. Simu itachaji vizuri ukidhani waya ni mzima kumbe kompyuta haipati kitu. Jaribu waya mwingine ambao umewahi kuhamishia picha kwa macho yako.

Porti. Kwenye kompyuta ya mezani tumia porti za nyuma, za mbele huwa zinapitia waya wa ndani ambao mara nyingi ni mchovu. Kama una porti za USB 2 anza nazo, programu nyingi za kuflashia ni za zamani na hazielewani vizuri na USB 3. Kuna ugonjwa unajulikana kabisa hasa kwenye kompyuta za AMD Ryzen na simu ikiwa fastboot (modi ya kupokea amri za kompyuta): ukituma amri tu simu inageuka nyeusi na kuandika "Press any key to shutdown". Simu haina shida. Weka habu ya USB 2 katikati au hamia kompyuta nyingine, imeisha.

Simu haiko kwenye modi inayotakiwa. Samsung za sasa zisizo na kitufe cha katikati: zima simu, shikilia sauti juu na sauti chini pamoja, chomeka waya ambao upande wa pili tayari uko kwenye kompyuta, ikitokea onyo bonyeza sauti juu. Xiaomi na wengine wengi, fastboot ni sauti chini na pawa. MediaTek kwa SP Flash Tool (programu ya kuflashia simu za chipu hiyo) ni tofauti kidogo, simu inatakiwa iwe imezima kabisa, unabonyeza Download kwenye programu KWANZA ndo unachomeka simu huku umeshikilia kitufe cha sauti (simu nyingine juu, nyingine chini, nyingine vyote viwili). Wengi wanafanya kinyume, wanachomeka simu afu wanaenda kubonyeza Download, wanakuta imeshaingia kwenye kuchaji.

Draiva. Sasa ndo tunafika huku. Fungua Device Manager (orodha ya vifaa ya Windows) ukiwa umechomeka simu uangalie kinachotokea:

- Samsung kwenye Download Mode inatakiwa ionekane kwenye Modems kama SAMSUNG Mobile USB Modem, na Odin (programu ya kuflashia Samsung) ile sehemu ya ID:COM inapata rangi na chini inaandika "Added!!".
- MediaTek inatokea kwenye Ports kama MediaTek PreLoader USB VCOM kwa sekunde chache afu inapotea. Hiyo ni kawaida! Watu wanadhani ni waya unakatika, hapana, preloda (programu ya kwanza kuamka kwenye simu) inasubiri kidogo isipoitwa inaendelea na mambo yake.
- Qualcomm (chipu za Snapdragon) kwenye EDL, modi ya dharura, inaonekana Qualcomm HS-USB QDLoader 9008. Ukiona QHSUSB_BULK na alama ya njano simu iko sawa, draiva ndo haipo.
- Ukiona "Unknown USB Device (Device Descriptor Request Failed)" acha kuhangaika na draiva. Hapo simu na kompyuta zimeshindwa hata kusalimiana, rudi kwenye waya, porti, na tundu la chaji la simu.

Draiva za zamani za MediaTek zinakataliwa na Windows 10 na 11 kwa sababu ya saini. Washa upya kompyuta huku umeshikilia Shift, ingia mipangilio ya kuanzia, chagua namba 7 (inazima ukaguzi wa saini), weka draiva, ukiwasha upya tena ulinzi unarudi wenyewe.

Tundu la chaji. Chukua kijiti cha mbao, siyo sindano ya chuma, toa pamba na vumbi kwa upole simu ikiwa imezima. Kama umebadilisha waya, kompyuta, umesafisha, na bado simu haitoi hata ule mlio wa Windows wa kuchomeka, basi tundu au laini za data kwenye bodi zimekufa na hiyo ni kazi ya fundi mwenye mashine. Flashi hairekebishi tundu.

Dalili ya 2: Simu imeonekana ila inafeli sekunde za mwanzo

Hapa erori inaongea, sema watu hawaisomi, wanapiga picha nusu ya skrini wanauliza "wadau hii nini".

Kwa Odin, ikiganda kwenye "SetupConnection.." kwa kawaida ni kwamba ulishajaribu mara moja ikafeli na simu bado ipo kwenye kikao kile cha zamani. Chomoa, shikilia sauti chini na pawa mpaka izime, rudi Download Mode upya, badilisha porti, hakikisha Smart Switch (programu ya Samsung ya kompyuta) haiko wazi nyuma, na fungua Odin kama msimamizi. Ikiandika "MD5 hash value is invalid" faili limekuja bovu, lidownload upya. Kuna mtindo wa kufuta ile .md5 mwishoni mwa jina ili Odin isikague, mtindo huo unakufanya uandike faili bovu ndani ya simu, usiufuate.

Ikitokea kwenye skrini ya simu "SW REV CHECK FAIL" na chini yake DEVICE: 5, BINARY: 4, huo siyo ubovu, ni bit. Ndani ya jina la faili la Samsung kuna herufi U au S ikifuatiwa na namba, mfano ...XXU5..., hiyo 5 ndo bit. Simu yenye 5 haipokei 4 wala 3 milele, inapokea 5 au zaidi. Baada ya 9 zinakuja herufi A, B, C na kuendelea, kwa hiyo A ni kubwa kuliko 9 usije ukachanganya. Dawa ni kutafuta faili la bit sawa au juu. Hamna ujanja wa kushusha, na kila unapong'ang'ania unapoteza muda tu.

"Only official released binaries are allowed to be flashed" maana yake umeweka kitu ambacho hakijasainiwa na Samsung, rikavari (menyu ya kurekebisha simu) ya watu, faili lililochezewa, na simu imefungwa isipokee. Weka faili rasmi kamili.

Xiaomi wana ndugu zake hao. "Flashing is not allowed in Lock State" ni butiloda (programu inayowasha mfumo) imefungwa, fastboot haitakubali hata ufanyeje mpaka ifunguliwe kihalali kupitia akaunti ya Mi iliyoko kwenye simu. "Missmatching image and device" ni faili la simu nyingine. Ikitaja "anti-rollback" ni yaleyale ya bit, unajaribu kurudi nyuma. Programu ikisema haioni skripti ya kuflashia, ujue umechagua folda ya juu, ingia ndani mpaka unapoona flash_all.bat. Na hapo hapo kwenye MiFlash kuna jambo nitalisema kwa sauti: kule chini kulia programu inapenda kuja ikiwa imechaguliwa "clean all and lock". Kama simu ni ya soko la China na imewekwa ROM ya Global (mfumo wa soko la nje), ukiflashi kwa kufunga butiloda simu itawaka na maandishi kwamba toleo hilo la MIUI haliwezi kuwekwa kwenye kifaa hicho, na sasa butiloda imefungwa huwezi tena kuflashi kwa fastboot. Umejifungia nje. Chagua "clean all" peke yake, au "save user data" kama unataka kujaribu bila kufuta.

SP Flash Tool. Erori STATUS_BROM_CMD_SEND_DA_FAIL (0xC0060003) kwa kawaida ni waya, porti au draiva, rudi dalili ya 1, ikishindikana badilisha toleo la programu. S_FT_ENABLE_DRAM_FAIL (4032) mara nyingi ni faili la simu nyingine, preloda ya faili lako haiijui RAM iliyoko kwenye simu, mara chache ni chipu yenyewe imeachia kwenye bodi hasa kama simu ilidondoka. "PMT changed for the ROM; it must be downloaded" inamaanisha mgawanyo wa hifadhi kwenye faili haufanani na wa kwenye simu. Hapa ndo wengi wanaambiwa "weka Format All + Download". SIMAMA. Kwanza jiulize kama faili ni la simu hii kweli, maana simu halisi na faili lake halisi haziwezi kugombana mgawanyo bila sababu. Format All inafuta mpaka sehemu zinazobeba IMEI (namba ya utambulisho wa simu). Utawasha simu, itapendeza, na haitashika laini.

Qualcomm ikisema Sahara (mazungumzo ya kwanza ya simu na kompyuta) imefeli, shikilia pawa sekunde kumi hadi kumi na tano mpaka 9008 ipotee na kurudi kwenye Device Manager, afu bonyeza kuflashi haraka kabla haijachoka kusubiri. Ikirudia, faili la firehose (linaloisaidia programu kuandika kwenye simu) siyo la simu hiyo. Xiaomi nyingi za karibuni kwenye EDL zinadai akaunti iliyoidhinishwa, ukikutana na dirisha la kuomba kuingia hapo umefika mwisho wa vya nyumbani.

Dalili ya 3: Inaenda vizuri afu inakatika katikati

Kwanza hakikisha kweli imekatika. Lile faili la system au super lina gigabaiti kadhaa, mstari unaweza kusimama dakika nyingi huku kazi inaendelea. Usichomoe kwa sababu umechoka kungoja. Kama nusu saa nzima imepita hamna hata namba iliyosogea, hapo sawa.

Visababishi kwa mpangilio ninaoukubali:

1. Waya kulegea au porti. Ndiyo, tena. Waya mfupi ni bora kuliko mrefu.
2. Kompyuta imelala, au imejaa. Faili la gigabaiti tano likifunguliwa linataka nafasi nyingine kama hiyo au zaidi.
3. Faili bovu. Linganisha ukubwa na ule ulioandikwa ulikolitoa, kama wameweka namba ya uhakiki ilinganishe. Antivairasi nayo huwa inafuta kitu kimoja ndani ya folda kimya kimya, mara nyingi ni ile programu yenyewe.
4. Betri ya simu. Ukiwa kwenye modi hizi simu nyingi haziingizi chaji ya maana, ikianza na asilimia 8 itakufia njiani.
5. Hifadhi ya simu inakufa, yaani eMMC au UFS.

Hii ya tano haionekani kirahisi na ndo inayokula wiki za watu. Dalili zake: kila ukijaribu inafelia sehemu ileile hata ubadilishe waya, faili na kompyuta. Odin inafika "NAND Write Start!!" afu "Complete(Write) operation failed". Simu kabla ya kufa ilikuwa inaganda, inachelewa kufungua picha, inajirestati. Na ile inayoshangaza kuliko zote: flashi inasema imekubali, PASS ya kijani kabisa, simu ikiwaka unakuta picha zilezile, mandhari ileile, program uliyoifuta wiki iliyopita bado ipo. Hapo hifadhi imejifunga, inasomeka tu haiandikiki. Usiendelee kuflashi. Kama bado inawaka kopi picha zako leo hii, afu fundi wa bodi ndo atasema kama inafaa kubadilisha ile chipu au bei yake haina maana ukilinganisha na simu.

Samsung iliyokatika katikati itakuonyesha skrini ya kijani kibichi-bluu yenye maelezo marefu kuhusu "Emergency recovery" na Smart Switch. Inatisha ila hiyo skrini bado inapokea Odin, flashi upya kwa waya mzuri.

Na usitiki Re-Partition bila faili sahihi la PIT la modeli yako. Kama hujui PIT ni nini, basi hiyo tiki haikuhusu.

Dalili ya 4: Imeandika PASS lakini imekwama kwenye logo

Ngoja kwanza. Kuwaka kwa mara ya kwanza baada ya flashi kunaweza kuchukua dakika kumi hadi kumi na tano, simu za RAM ndogo ndo zinachelewa zaidi.

Ikipita hapo ingia rikavari ufanye wipe data/factory reset. Hii inatibu nyingi sana, sababu ni kwamba mfumo umebadilika ila data za zamani zimebaki na hazielewani. Kwenye Samsung inatokea ukitumia HOME_CSC (CSC ni faili la mipangilio ya nchi na mtandao), ambayo kazi yake ni kuacha data, CSC ya kawaida ndo inafuta. HOME_CSC nzuri kwa kupandisha toleo, kwa kushusha Android inakuletea hii shida karibu uhakika.

Wipe haikusaidia? Hakikisha uliweka mafaili yote. Wapo wanaoweka AP (mfumo wenyewe) peke yake wakaacha BL (butiloda), CP (modemu) na CSC kwa sababu "AP ndo kubwa". Weka yote manne kutoka kwenye kifurushi kimoja, usichanganye BL ya tarehe hii na AP ya nyingine.

Bado? Sasa pima vifaa kwa njia rahisi: iingize rikavari uiache hapo dakika kumi. Rikavari haipakii mfumo mkubwa, kwa hiyo ikitulia humo bila kuzima, betri na pawa vina nafuu na shida inaelekea ni faili au hifadhi. Lakini ikijizima hata ndani ya rikavari, kila baada ya sekunde chache, tuhumu kitufe cha pawa kilichozama, betri iliyochoka, au umeme wa bodi. Kibonyeze kitufe mara kadhaa usikie kama kinarudi. Hamna faili duniani litakaloponya kitufe.

Dalili ya 5: Imewaka ila kuna kitu kimekufa

Mtandao hamna. Piga *#06#. IMEI ikitokea na mtandao haupo, mara nyingi modemu siyo ya toleo hilo, flashi kifurushi kamili sahihi. IMEI ikiwa tupu au sifuri, sehemu za nvram na nvdata zimefutwa, kama ulichukua bakapu yake kabla (kwenye MediaTek ni nvram, nvdata, protect1 na protect2, kwa Readback ya SP Flash Tool) irudishe. Kama hukuchukua nenda kwenye kituo cha huduma na risiti yako. Usiruhusu mtu aandike namba ya kubuni, nchi nyingi kubadilisha IMEI ni kosa la jinai na simu inaweza kufungiwa mtandaoni.

Tachi haishiki, au skrini nyeupe, au picha imegeuka juu chini: hasa simu za MediaTek za majina madogo, modeli moja inatengenezwa na skrini za aina mbili tatu tofauti na kila moja ina faili lake. Tafuta faili linalolingana na namba ya toleo ya simu yako, siyo jina la simu tu.

Inadai akaunti ya Google iliyokuwepo mwanzo. Hiyo siyo hitilafu, ndo ulinzi wa wizi unavyofanya kazi, na flashi haiuondoi. Weka akaunti ile. Simu uliyonunua mkononi kwa mtu, mrudie aliyekuuzia aingize yake.

Dalili ya 6: Imezima, giza, haitetemeki

Chomeka kwenye kompyuta uangalie Device Manager. Ikitokea 9008 au kitu chochote cha MediaTek simu haijafa, imepoteza butiloda tu na inasubiri faili sahihi. Isipotokea kitu, iache kwenye chaja yake saa nzima, afu shikilia pawa na sauti chini nusu dakika. Bado kimya, mpe fundi. Video zinazoonyesha kufungua kava na kugusanisha vinukta viwili kwa koleo ili ilazimike kuingia EDL, hivyo vinukta vipo pua na mdomo na laini za umeme, ukiteleza umeunguza kitu ambacho awali kilikuwa kizima.

iPhone

Kwenye Mac tumia Finder, kwenye Windows iTunes au programu ya Apple Devices. Kuanzia iPhone 8: bonyeza uachie sauti juu, bonyeza uachie sauti chini, shikilia kitufe cha pembeni, na USIACHIE logo ikitokea, endelea mpaka uone picha ya waya na kompyuta. Anza na Update, inarudisha mfumo bila kufuta, Restore ndo inafuta.

Ikitoka yenyewe kwenye rikavari kabla hujaanza, ni kwa sababu kompyuta ilichukua zaidi ya dakika 15 kudownload. Acha download iishe, afu rudia vitufe. Erori 3194 ni kompyuta imeshindwa kufika seva za Apple, kwa kawaida faili la hosts (la anwani za mtandao kwenye kompyuta) limechezewa au antivairasi inazuia, au unalazimisha toleo la zamani ambalo Apple hawalisaini tena. Erori 9, 4013 na 4014 ni muunganiko umekatika: badilisha waya, porti, kompyuta. Ikirudia ileile kwenye kompyuta mbili tofauti na waya wa uhakika, ni bodi, na hapo ni Apple au fundi wa bodi.

Acha hapo hapo, usiendelee, kama:

Betri imevimba, kava limeinuka au skrini imejitenga. Usichaji, usibonyeze. Simu inachemka ikiwa imezima. Iliingia maji siku za karibuni, flashi inawasha umeme mahali pasipotakiwa. Bado ina waranti, maana kufungua butiloda kunaacha alama, na kwenye Samsung ukiweka faili lisilo rasmi Knox (alama ya usalama) inageuka 0x1 na hairudi tena. Na kama umeshabadilisha waya, kompyuta na faili, kimoja kimoja, na erori ni ileile neno kwa neno.

Ukimpelekea fundi usimwambie "ilizima yenyewe". Mwambie ulitumia programu gani toleo gani, mpe jina kamili la faili, na mtumie ile logi au picha ya skrini nzima, siyo nusu. Na mwambie kama uliwahi kubonyeza Format All, hata kama unaona aibu, itampunguzia kuhangaika kutafuta tatizo.